Radiateri Iliyofika Mpofi Iking'aa

Macho yangu hayaoni tena vichwa vya visi, yaani skrubu, na vidole vinatetemeka pale ambapo havipaswi kutetemeka. Kwa hiyo nimeacha kazi. Ninyi mliobaki kwenye meza yetu ya Masisi mmesema niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimekubali, ila sitaandika yote. Nitaandika habari za pati, maana imenichosha kuliko kitu kingine chochote, na kila anayeanza kazi anadhani ameielewa siku ya kwanza.

Kwa msomaji asiye wa meza yetu: prosesa ni kile kibamba kidogo katikati ya kompyuta kinachofanya kazi ya kufikiri, na kikifikiri kinachemka. Juu yake tunaweka radiateri, kipande cha aluminiamu chenye mbavu nyingi, na juu ya radiateri kuna ventilateri ya kupuliza joto liende zake. Kati ya prosesa na radiateri tunapaka dawa ya kijivu, laini kama siagi iliyosahauliwa karibu na jiko. Kwenye sindano yake imeandikwa pâte thermique. Sisi tunasema pati, yatosha.

Sikuja kwenye kazi hii kwa kupenda mashine. Baba alikufa wakati wa palizi, na mama akamfuata kabla maharagwe hayajakauka. Mimi Furaha ndiye mkubwa. Nyuma yangu yuko Janvier, na nyuma ya Janvier wasichana wawili wadogo. Baada ya matanga, wajomba na baba wadogo walikaa uwanjani kwetu Kingi wakaanza kutugawa, huyu kwa huyu na yule kwa yule, kama watu wanaogawana mbegu. Nikasema hatugawanywi. Baba mdogo akaniuliza nitawalisha nini. Nikamwambia shamba lipo, na kazi nitatafuta. Asubuhi iliyofuata sikwenda shuleni, na sikwenda tena.

Papa Bauma alikuwa na chumba kimoja Masisi Centre ambapo watu walichapisha barua, walipiga fotokopi na kuleta kompyuta zilizokufa. Alinichukua nifagie na nichote maji. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezungumza na mashine kwa heshima kuliko alivyozungumza na wateja. Vumbi la barabara yetu liliingia kila mahali, kwa hiyo kufagia kwangu kulikuwa kazi isiyo na mwisho. Nadhani alinifundisha kufungua mashine ili tu nifagie na ndani.

Siku aliyoniachia kupaka pati kwa mara ya kwanza, nilipaka kama nilivyojifunza kwa mama. Kwetu mwanamke anayekandika nyumba haachi tundu. Anajaza udongo mpaka ukuta uwe mnene, maana upepo wa mlimani hauna huruma. Nilijaza. Niliposhusha radiateri, pati ilitoka pande zote kama uji unaofurika.

Papa Bauma aliinama akatazama.

"Furaha, uko unakandika nyumba?"

"Nilisema baridi isiingie, Papa."

"Humu tuko tunatafuta baridi, mutoto yangu. Moto njo inapashwa kutoka. Sasa umeifungia mulango."

Akacheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi akacheka pia bila kujua sababu. Kisha akanikalisha akanieleza, na maelezo yale sijapata bora yake. Alisema uso wa prosesa na uso wa radiateri ni laini kwa macho tu. Ukweli ni kwamba kila uso una vishimo, kama mashamba mawili yanayotenganishwa na mfereji. Joto haliwezi kuruka mfereji, kwa sababu hewa iliyo ndani haibebi kitu. Pati ni daraja. Daraja likiwa fupi kuliko mto, unaanguka. Likiwa refu kupita mto, unachoka bure. Kiasi chake ni nusu ya punje ya haragwe, katikati, na uzito wa radiateri wenyewe utaitandaza.

Mengine alinifundisha kwa kuninyang'anya turnevisi, bisibisi yetu, kila nilipokosea. Pati ya zamani ifutwe yote kabla ya kuweka mpya. Alkoli ya famasi ikikosekana, kanyanga kali, pombe yetu ya kienyeji, inafaa, ila chupa ikae mbali na mafundi wengine. Visi vikazwe kwa msalaba, kidogo huku na kidogo kule, usimalize kimoja ukiacha wenzake, la sivyo radiateri italala upande. Ukishaishusha usiinyanyue kuchungulia; ukinyanyua, futa, anza upya. Na uzi wa ventilateri uuchomeke. Mtacheka, lakini nimetembea milima mingi kwenda kuchomeka uzi wa ventilateri.

Kulikuwa na sheria moja ambayo sijaisikia kwa mafundi wa mjini. Kwetu kompyuta husafiri kwenye pikipiki, na pikipiki ikishindwa, husafiri kwenye mgongo wa mtu. Radiateri ni nzito na inaning'inia. Shimo moja la barabara linatosha kuvunja miguu yake au kupasua bamba lililoishikilia. Basi Papa Bauma aliivua kabla ya safari, ikabebwa peke yake, na pati mpya ikapakwa huko kazi inakokwenda. "Mashini haisafiri na kofia," alisema. Niliishika sheria hiyo hata baada ya ugonjwa wa sukari kumlaza, na baadaye kumzika, na chumba kikabaki mikononi mwangu.

Wakati huo Janvier alikuwa Rubaya. Aliacha shule kama mimi, lakini yeye hakuna aliyemwomba. Alikuwa akishusha magunia ya madini kutoka mashimoni hadi kwa wanunuzi, mlima kwenda mlima kurudi, kamba ikiwa imefungwa kwenye paji la uso. Kila msimu wa mvua mlima ulikuwa unafunika watu, na kila nilipoambiwa kwamba umefunika, nilifunga chumba nikapanda Rubaya kutazama kama ni yeye. Wanawake wengine walikuwa njiani vilevile. Hatukusalimiana sana. Nilipomkuta mzima alinikasirikia mbele ya wenzake, na wenzake wakamwita Mutoto wa Dada. Nilirudi nimeishiwa nguvu, sina hata la kumwambia Mungu.

Ndipo ikaja kazi ya Mpofi. Huko Walikale kulikuwa na redio ndogo ya kijiji, ya kutangaza bei za soko, misa, mbuzi waliopotea. Kompyuta yake ilikuwa inajizima yenyewe, nao wakanitumia niitengeneze kwenye meza yangu. Kiongozi wake, Papa Kasereka, alipiga simu kusema kwamba nikiirudisha ikafanya kazi siku nzima mpaka matangazo ya jioni, atanipa matunzo ya mashine za redio, na atasema neno kwa shule na kwa wafanyabiashara wa kule ambao nao walikuwa na mashine. Kazi hiyo ingetosha watu wawili. Mtu wa pili nilikuwa naye kichwani kabla Papa Kasereka hajakata simu.

Nilipanda Rubaya mara nyingine, safari hii bila mlima kuanguka. Janvier alinisikiliza amesimama, gunia likiwa bado mgongoni.

"Mimi si fundi, dada."

"Nani amezaliwa fundi? Utabeba, na utaona."

Alikuwa amechoka pia, niliona kwenye shingo yake.

"Safari moja," alisema. "Kama mashini inakubali kule, ninabakia na weye. Kama inakataa, ninarudia huku, na usikuje tena kunitafuta. Ata kama mulima inaanguka."

Nilikubali. Ningefanya nini?

Pati iliyobaki ilikuwa kidogo mno, mwisho wa sindano ya mwisho, na njia ya Goma, inakotoka pati, ilikuwa imefungwa. Hapo nilikuwa na tatizo ambalo mafundi wa mjini pia hawalijui. Kwenye vizuizi vya barabarani, sindano yenye kitu cha kijivu ina maswali mengi. Mara moja ilishaulizwa kama ni dawa ya kulevya, mara nyingine kama ni madini yaliyosagwa, na mara zote mbili ilibaki kizuizini. Kwa hiyo niliikamua yote pale Masisi, nusu ya punje ya haragwe kamili, nikaiweka katikati ya uso wa radiateri, nikafunika kwa kifuniko cha kopo, nikafunga kwa kitambaa. Nikampa Janvier nikamwambia asiiangushe. Hayo tu ndiyo niliyomwambia.

Tulipanda pikipiki hadi Nyabiondo. Mbele yake mvua ilikuwa imekata barabara, tukaenda kwa miguu, yeye na mashine mgongoni na radiateri kifuani, mimi na vyombo. Kwenye vizuizi walipekua vyombo wakatuachia. Katika kijito kimoja maji yalimfika kiunoni, na nikamwona upande wa pili amekaa kwenye jiwe akikagua mzigo wake. Nilifurahi kuona anavyoujali. Nilimwacha nikatangulia, maana magoti yangu hupenda kushuka polepole.

Kwa wasiomjua mbebaji wa Rubaya, niseme hivi. Mzigo unapofika unatolewa safi. Anafuta tope, anapangusa gunia, ili mnunuzi asipate la kusema, asiseme ulianguka, asiseme umechanganywa na udongo. Mbebaji anayetoa mzigo mchafu hapewi wa pili. Hiyo ndiyo diploma yao.

Mpofi kuna joto ambalo Masisi hatulijui. Papa Kasereka alitupokea kwenye chumba cha redio, mwanamume mrefu aliyezoea kuzungumza kana kwamba kijiji kizima kinamsikiliza. Nilifungua mashine mezani, nikanyoosha mkono. Janvier alifungua kitambaa, akatoa kifuniko, akanipa radiateri. Ilikuwa inang'aa kama sahani ya misa.

"Pati iko wapi?" nilimuuliza.

"Pati gani?"

"Kitu ya kijivu. Hapa chini."

"Ah, ile buchafu." Alitabasamu. "Niliipanguza yote, dada. Tope iliingia pale mu maji. Nilitumia shati, nikasugua muzuri. Muzigo inatolewa safi."

Nilikaa chini. Tabasamu lake liliisha taratibu, kisha akatazama shati lake, ambalo lilikuwa na doa la kijivu tumboni, tope na jasho juu yake.

"Si tutaikamua?" aliuliza.

"Iko na muchanga, Janvier. Muchanga inaacha nafasi."

Papa Kasereka alisafisha koo. "Mama Furaha, nyumbani niko na dentifrice. Kule Walikale Centre fundi mumoja aliitumia."

Katika kila kijiji nilichofika yuko mtu mwenye dawa ya meno. Nayo hufanya kazi, siwadanganyi, mpaka ikauke. Na katika joto lile ingekauka kabla hatujaaga. Nikamshukuru, nikakataa. Nikajaribu kuweka chuma juu ya chuma, nikakaza kwa msalaba, nikawasha. Mashine iliamka, ikaonyesha picha yake, na kabla Papa Kasereka hajamaliza kupiga makofi ikajizima bila kuaga. Nilipogusa mbavu za radiateri zilikuwa baridi. Chini yake prosesa ilikuwa inaungua peke yake. Hilo mlishike: radiateri baridi juu ya mashine inayojizima maana yake daraja halipo.

Janvier alikuwa ameenda kukaa pembeni, kwenye kisanduku cha chuma kilicho karibu na mlango, anapokaa mgeni anayesubiri kutangaziwa tangazo lake. Alikuwa ameshaanza kukunja kamba yake ya kichwani, polepole, kama mtu anayejiandaa kwa njia. Nilijua ni njia gani.

"Dada," alisema bila kuniangalia. "Ile kitu inasaidia nini? Haukuniambia."

Ni kweli, sikumwambia. Nilimweleza basi, kwa sauti iliyochoka, habari ya mashamba mawili na mfereji na daraja. Nilieleza kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Alisikiliza huku ameshika kamba.

"Kwa hiyo kila kitu yenye kuwaka moto inakuwa nayo?"

"Vitu bingi bya umeme. Yenye iko na radiateri."

"Kama hii yenye nimekalia?"

Alikuwa amekalia amplifikateri, kikuza sauti cha redio. Nyuma yake, ambapo mimi nilikuwa nimeona mbavu za chuma tu na kuzichukulia kuwa za kiti, zilikuwa mbavu za radiateri. Nilimtazama Papa Kasereka.

"Ile ilikufa zamani," alisema. "Transfo iliungua. Tuliifanya kiti kwa sababu ilikataa kuwa kitu kingine."

Tulimwinua Janvier na kufungua kiti. Buibui walitoka, na vumbi, na harufu ya transfo, transfoma yake iliyoungua. Nilifungua visi vinavyobana zile transista kubwa ukutani mwa radiateri, nikainua ya kwanza. Chini yake kulikuwa na pati nyeupe. Pembeni ilikuwa imekauka na kuwa chokaa, lakini katikati, mahali ambapo hewa haikufika, ilikuwa bado laini. Kifaa kilikufa mapema. Hakikuipika pati yake kwa miaka kama vinavyofanya vinavyoishi. Tulikwangua kwa ukingo wa kadi ya simu, transista hadi transista, tukiacha iliyokauka. Ilipatikana ya kutosha, pungufu kidogo ya nusu ya haragwe.

Nilifuta prosesa, nikafuta radiateri, na nilipotaka kupaka, mkono wangu ukatetemeka. Huo haukuwa ugonjwa wa leo. Ulikuwa uchovu wa njia, na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

"Uniachie," Janvier alisema.

"Hujawahi."

"Sijawahi kuangusha kitu, dada."

Nikamwachia. Aliweka pati katikati kwa ncha ya kadi. Aliishusha radiateri wima, bila kuisogeza huku wala huku, kama unavyotua gunia penye mteremko. Akakaza visi kwa msalaba, kidogo huku na kidogo kule, nilivyomtajia. Alipomaliza alikaa mikono mapajani, na hakuna kati yetu aliyetaka kubonyeza.

Papa Kasereka alibonyeza. Mashine iliamka. Nilisubiri, nikagusa mbavu, na zilikuwa za uvuguvugu. Joto lilikuwa limevuka.

Mchana wote wa Mpofi tulikaa katika chumba kile kama watu wanaouguza mgonjwa. Papa Kasereka aliruka kutoka bei za mihogo hadi kwaya, kutoka kwaya hadi mbuzi mwenye sikio lililokatwa. Bati lililia juu yetu kwa jua. Janvier aligusa radiateri kila baada ya wimbo, na kila alipogusa nilimtazama usoni badala ya kuitazama mashine. Matangazo ya jioni yalisomwa mpaka la mwisho. Mwenye mbuzi alikuja mwenyewe kushukuru, akatafuta kiti cha mgeni akakikosa.

Njiani kurudi Janvier hakusema neno kuhusu Rubaya, na mimi sikuuliza. Nilipata nguvu za kutouliza, sijui wapi. Siku ya soko wenzake walipita mbele ya chumba chetu asubuhi wakielekea mlimani, kamba zao mabegani.

"Mutoto wa Dada! Tuende, jua inapanda."

Alikuwa mlangoni anafuta ventilateri kwa kitambaa.

"Mufike muzuri," aliwajibu. "Niko na muzigo hapa."

Baada ya hapo alikuwa mbebaji, kisha msaidizi, kisha fundi, kisha yule mnayemjua, anayewanyang'anya turnevisi mkikosea. Mimi niliendelea na kazi kama inavyoendelea. Mashine zilikuja na kuibwa, barabara ilifunguka na kufungwa, mara mbili tulikimbia na vyombo vichwani na mara mbili tulirudi tukafagia. Mlima wa Rubaya umeanguka tena mara nyingi. Bado nikisikia, miguu yangu huamka kabla yangu, ninafika mlangoni, halafu ninakumbuka.

Yaliyobaki mnayajua. Kabla ya safari, vueni radiateri. Pati kaeni nayo palipo salama, na anayeibeba aambiwe ni kitu gani. Msimdharau aliyekaa kwenye kiti, wala kiti chenyewe.

Siku yangu ya mwisho niliweka vyombo vyangu mezani mbele ya Janvier: turnevisi za Papa Bauma, brashi, koleo ndogo, sindano ya pati iliyofunguliwa wiki ile. Alinyoosha mkono kuvipokea. Nikamwambia asubiri. Nilichukua kitambaa na chupa ya alkoli, nikavipangusa kimoja kimoja, vishikio na ncha, mpaka hapakubaki alama ya vidole vyangu. Hakuniharakisha. Wasichana wetu wawili wameolewa, shamba la Kingi lina maharagwe, naye alikuwa amesimama mbele yangu, mzima, akisubiri. Nilipomaliza nilimkabidhi vyote, nikakunja kitambaa, nikaenda nyumbani kulala.